Nyasi Sebuleni kwa Shosho

Mama yangu alizikwa Kinangop mwezi wa Februari, nami nikamzika kwa simu, nimekaa kitandani katika nyumba ya kupanga ng'ambo, huko Fridley. Makaratasi yangu ya uhamiaji yalikuwa hayajakamilika. Ningetoka nchini, nisingeruhusiwa kurudi. Kaka yangu aliinua simu juu ya vichwa vya watu ili nione. Jeneza lilipoanza kuteremshwa, mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa wamekaa chini ya hema, wanakula.

Nikangoja kulia. Kilio hakikuja. Watu wa kanisa walifika na chapati na sufuria ya wali, wakaimba, wakaomba, nami nikawamiminia chai kana kwamba msiba ni wa jirani.

"Uko sawa?" waliniuliza.

"Niko sawa," nikasema, na sikuwa nikidanganya. Hakuna palipouma. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, lakini ukiufinya hausikii.

Jumatatu nilirudi kazini. Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwavisha, kuwapikia. Asubuhi nilikuwa kwa mama mmoja Mrusi, aliyeishi peke yake katika ghorofa la wazee Saint Paul. Alikuwa amevuka miaka themanini na miguu ilikuwa imemkatalia. Nilimwita Shosho, kama nilivyozoea kumwita nyanya yangu, naye aliitika.

Kiingereza Shosho alijifunza akiwa mtu mzima, na mwaka huo kilikuwa kinamtoka. Niliporudi kutoka kwenye msiba wangu wa kitandani bado aliweza kuomba chai na kulalamikia baridi. Theluji ilipoanza kuyeyuka, alikuwa amebaki na Kirusi tu. Binti yake, ambaye alikuwa nesi huko Maplewood, alikuja siku ya Jumapili nikamweleza.

"Usijali," akasema. "Mwongeleshe tu. Lugha yoyote, bora asikie sauti."

Basi nikawa namwongelesha Kiswahili. Nilimwambia inua mkono, Shosho, maji haya yana moto, uji umeiva. Yeye alinijibu kwa Kirusi, na kazi ikaenda.

Ukutani sebuleni kulikuwa na picha ya rangi, pana kama meza ya watu wanne. Binti alikuwa ameniambia kwamba ilichorwa na mchoraji wa mji wao, na kwamba walipohama waliileta imeviringishwa ndani ya zulia. Ilikuwa ni konde la nyasi wakati wa kiangazi cha kwao, na nyuma yake miti myembamba yenye magome meupe. Hakukuwa na mtu ndani yake wala mnyama. Nilikuwa nimeipangusa vumbi karibu mwaka mzima bila kuitazama.

Asubuhi moja Shosho alikataa kula. Alinyoosha kidole, akasema neno, akalirudia. Nikavuta pazia, nikampa maji, nikawasha televisheni. Akatikisa kichwa, hasira zinampanda. Mwishoni nikakisukuma kiti chake cha magurudumu mbele kidogo, kuelekea ile picha, naye akanyamaza. Nikasukuma tena. Akafungua kinywa, nikamlisha.

Kesho yake alitaka karibu zaidi. Baada ya wiki magoti yake yalikuwa karibu kugusa ukuta, nami nikawa nalazimika kuketi hapo hapo kwenye kigoda na bakuli la uji, uso wangu umeelekea kwenye nyasi. Ndipo nikaanza kuiona.

Kwa karibu hazikuwa nyasi. Yalikuwa madoa ya rangi yaliyopakwa haraka, na mengi hata hayakuwa ya kijani. Kulikuwa na buluu, kahawia, na waridi kama ya ufizi. Maua yalikuwa vidonge vya rangi nyeupe na njano, vinene, kila kimoja kimewekwa kwa mguso mmoja na kuachwa. Kwenye anga rangi ilikuwa nyepesi kiasi kwamba nyuzi za kitambaa zilionekana. Nilisimama nikarudi nyuma hadi mlangoni, na nyasi zikarudi, ndefu, zimeinama upande mmoja kwa upepo. Nikasogea, zikapotea. Nikarudi nyuma tena. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Shosho alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni akitembezwa shambani kwake.

Haikunifurahisha. Lakini tangu Februari kila nilichofanya nilikifanya kwa sababu saa yake ilikuwa imefika, na kile cha kwenda na kurudi mbele ya picha nilikifanya kwa kutaka.

Kuanzia hapo nilikuwa naichunguza ile picha kila siku. Upande wa kushoto niliona kipande ambacho nyasi zake zilikuwa fupi, rangi yake imepauka, na vilima viwili vidogo vya nyasi zilizokatwa. Nikavigusa kwa kidole. Shosho akasema, "Pakos."

Nikamuuliza binti yake Jumapili.

"Ni ukataji wa nyasi," akasema. "Za ng'ombe, za kuweka akiba ya majira ya baridi. Alikata na mama yake alipokuwa msichana. Hajalitaja neno hilo miaka mingi."

Jumatatu, nikiwa nafuta midomo ya Shosho, nilimwambia kwa Kiswahili, "Hata mama yangu alikata nyasi. Alikuwa anaamka na mundu, anarudi amebeba mzigo mgongoni, kamba imemkaza kipaji cha uso, kainama humwoni. Alikufa Februari. Sikwenda."

Sikuwa nimewahi kulisema hilo la mwisho kwa sauti. Shosho akanijibu kwa Kirusi, kirefu, kwa utulivu, macho yake kwenye picha. Huenda alizungumzia mama yake. Huenda aliomba chai. Nilisema, "Ndiyo, Shosho," tukaendelea kukaa. Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Niliosha bakuli.

Mwezi wa Juni binti alimhamishia mama yake kwake Maplewood, na picha ikaenda naye kwenye kiti cha nyuma cha gari, imefungwa kwa blanketi. Mimi nikapewa mzee mwingine. Siku yangu ya mwisho kwa Shosho, nikiwa naelekea nyumbani, nilipita mahali kando ya barabara ambapo manispaa huacha nyasi zimee zenyewe. Nikaegesha gari nikaingia. Zilinifika kiunoni. Mbu walinila, na sare yangu ya kazi ikajaa mbegu za kunata.

Nikiwa nimesimama humo nilimpigia baba. Hatukuwa tumeongea sana tangu mazishi. Mazungumzo yetu yote yalikuwa yanapitia kwa kaka. Kwake kulikuwa kumeshaingia giza.

"Baba, nani anakata nyasi siku hizi?"

"Ni mimi," akasema. "Mgongo wauma, lakini ng'ombe hajui mgongo."

Nikamuuliza anazikata wapi, akaniambia ni kule chini mtoni, kwa sababu za juu zimekauka. Akanieleza habari za ndama, ana miguu mirefu, ananyonya vizuri. Nikamuuliza ana rangi gani, maana nilitaka kumwona.