Mwacheni Kwanza Akauke

Pale maabara ya wadudu walimwita Mama Pini, kwa zile pini alizochomea wadudu, na jina lenyewe alilipenda. Shule aliishia darasa la saba, lakini mbawakawa alikuwa amewasoma miaka ishirini na sita, mpaka nadhani wao ndio waliomchoka. Hasa wale wa pembe ndefu, ambao vipapasio vyao hupita urefu wa mwili. Kwa mgeni, wote ni walewale. Kwake walikuwa kama watoto pacha kwa mama yao: hata mmoja akikohoa tu, anajua ni nani.

Asubuhi moja halmashauri ilileta chupa ya spiriti yenye mdudu mmoja. Alikuwa ameokotwa kwenye miti arobaini iliyo mbele ya hospitali, mahali wagonjwa wanaposubiri zamu. Mama Pini mwenyewe alikaa kwenye kivuli kile miezi minne, mama mkwe wake alipolazwa. Sasa, kama mdudu ni yule mharibifu anayetoboa miti hai, yote arobaini ingekatwa na kuchomwa siku ileile. Kama ni ndugu yake, mla magogo yaliyokwisha kufa, basi hakuna neno.

Ndugu hawa wawili ni weusi wenye madoa meupe, na vipapasio vyao vina mistari. Tofauti kuu iko kwenye pembetatu ndogo pale mabawa yanapoanzia, nyuma ya shingo. Ya mharibifu ni nyeusi. Ya mwenzake ni nyeupe.

Dokta, mkuu mpya wa maabara, kijana mwenye shahada tatu na adabu zake, alimtoa mdudu kwenye chupa akamweka chini ya hadubini.

"Nyeusi," akasema. "Ndiye."

Msimamizi wa halmashauri alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni. Vijana wake walikuwa wameshafika hospitali na misumeno. Dokta akachukua kalamu atie saini kibali cha kukata.

Mama Pini akachungulia. Mgongo wa mdudu yule ulikuwa na vinundu, wa kukwaruza. Mharibifu hung'aa kama kiatu cha bwana harusi!

"Dokta, samahani. Usitie saini."

"Kuna nini, Mama?"

"Huyu kalowa."

"Si katoka kwenye spiriti?"

"Ndiyo maana. Ule weupe si rangi, ni vinyweleo. Vikilowa vinalala, huvioni. Mwacheni kwanza akauke."

Msimamizi akaangua kicheko. "Tumekuwa madobi sasa? Nina watu wanane kule wamekaa bure!"

"Baba, mti ukishakatwa haurudi. Dakika ishirini hazitakuua."

"Na asipobadilika?" Dokta akauliza.

"Nitabeba magogo mwenyewe mpaka motoni."

Mkubwa mwingine angemfokea, maana kukosolewa mbele ya mgeni kunauma. Huyu aliangalia saa, akaiweka kalamu mezani.

Mama Pini alimgusagusa mdudu kwa tishu, akamlaza dirishani penye upepo. Subira yavuta heri, husema watu. Dakika kumi zilipita, pembetatu nyeusi tii. Kumi na tano, bado. Msimamizi alikohoa kwa makusudi. Mama Pini aliogopa, tena sana: akikosea leo, nani atamsikiliza kesho?

Dakika ya kumi na nane Dokta aliinama tena kwenye hadubini. Akarekebisha lenzi, akatazama upya.

"Mama," akasema, sauti imebadilika. "Nyeupe pe!"

Msimamizi hakucheka tena. Alipiga simu kule hospitali akawaambia vijana wake wafunge misumeno.

Ikabaki kadi. Kila mdudu huchomekewa kadi chini yake: alikookotwa, tarehe, na mstari wa mwisho, jina la aliyemtambua. Mama Pini alikuwa ameandika kadi hizo kwa maelfu, na mkono ukaanza wenyewe kuandika jina la mkubwa.

"Hapana," Dokta akamzuia. Akampa kadi nyingine, safi. "Andika aliyemtambua."

Mkono ule uliozoea kutoboa mdudu mdogo kuliko punje ya mchele ukaishika kalamu upya. Alijisikia, tusifiche, alijisikia mpaka machozi. Kadi yenyewe ina ukubwa wa ukucha, lakini aliyabana majina yote matatu: lake, la baba yake, na la babu yake ambaye hakuwahi kujua kusoma.