Vyuo Viwili vya Nyumba Yetu

Bibi yetu alijua chuo kimoja tu: kile cha hapa Kengeja tulichosomea Kurani, tukikaa juu ya jamvi, na kila Alhamisi tukimpelekea maalimu kijisenti kilichofungwa kwenye pindo la mtandio. Kwa hiyo siku binti ami yangu alipokuja kumwambia kwamba amepata nafasi chuoni Unguja, bibi alishangaa.

"Chuoni tena? Si ulishahitimu, tukapika na ubwabwa?"

"Hiki ni chuo cha afya, bibi. Nakwenda kusomea kazi ya maabara."

"Na huyu naye?" Alininyooshea kidole.

"Huyu anabaki skuli. Yeye anataka chuo kikuu."

Bibi akatutazama mmoja mmoja. "Kwani hicho chako wewe kidogo?"

Tulicheka mpaka ami akatoka nje kuuliza kuna nini. Lakini mimi swali lile lilinikaa. Nilijua tu kwamba kimoja hutoa stashahada na chengine shahada, na kwamba watu wakilitaja neno hilo la pili hubadilisha sauti.

Tulilelewa pamoja. Baba yangu na ami ni ndugu wa tumbo moja, na nyumba zao zilitenganishwa na ua wa makuti tu. Tulimaliza kidato cha nne mwaka mmoja, tukapata matokeo yanayokaribiana. Yeye alinishinda kemia, mimi nikamshinda Kiingereza. Kila mmoja angeweza kushika njia ya mwenziwe. Yeye alisema hana hamu ya kukaa miaka miwili mengine akingoja mtihani mwengine ndio aruhusiwe kusoma anachokitaka. "Mie nataka kazi ya mikono," aliniambia. Mimi nilitaka kujua mambo, hata kama sikujua yatanifaa nini. Mpaka leo sina maelezo bora kuliko hayo.

Ada ya chuo chake ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyokuja kuandikiwa mimi. Nikidhani ami amepata nafuu. Kumbe ada ile ilitakiwa taslimu, kabla ya muhula kuanza, na wakati ule hapakuwa na mkopo kwa wanafunzi wa ngazi yake. Juu yake likaja koti jeupe, viatu vyeusi vya kufunika vidole, chakula cha dahalia walikolala na nauli ya boti kutoka Mkoani. Ami hakuwa na mshahara. Alikuwa na mihogo, migomba, na mikarafuu michache ambayo ikizaa vizuri mwaka huu, mwaka wa pili hupumzika. Muhula mmoja aliuza ndama. Muhula mwengine binti ami alichelewa kuripoti wiki mbili, akawakuta wenziwe wameshafunzwa kutoa damu, ikabidi ajifunze peke yake kwa kuchoma sindano chungwa.

Miaka miwili baadaye mimi nikapata nafasi ya shahada ya sayansi katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hii ada ni ya miaka yote mitatu?"

"Ya mwaka mmoja, baba."

Siku tatu alikwenda shamba na kurudi bila ya mazungumzo. Kisha jina langu likatokea katika orodha ya waliopata mkopo wa serikali, na baba hakuuza hata mkungu mmoja wa ndizi. Nilitia saini fomu afisini bila ya kusoma ukurasa wa nyuma. Habari ya kukatwa deni kwenye mshahara ilikuwa hadithi ya mtu mwengine, kwani mshahara wenyewe sikuwa nao. Hilo lilinishangaza tangu wakati ule: masomo ya bei kubwa hayakututoa jasho, na yale ya bei ndogo ndiyo yaliyommaliza ami.

Kila Ijumaa baada ya sala tukipigiana simu. Nikimuuliza mambo mengi kuliko aliyoniuliza yeye. Kwao kengele ikilia saa moja na nusu, majina yanaitwa, na asiyekuwepo anaandika barua ya kujieleza. Alikuwa na daftari lenye orodha ya kazi: kutoa damu mara kadhaa, kupima mkojo mara kadhaa, kusafisha darubini. Kila kazi akiifanya mbele ya msimamizi, naye msimamizi akitia saini. Saini isipotimia, hata ukipata alama nzuri za kuandika humalizi.

Kwetu sisi hakuna aliyeita jina la mtu. Tulikaa ukumbini mamia, mhadhiri akasema kwa saa mbili, akaondoka, akatuachia vitabu sita vya kutafuta maktaba, na nakala za kila kimoja zilikuwa mbili tu. Mwezi wa kwanza nilingoja mtu aje kunikagua. Hakuja. Niligundua kwamba ningeweza kulala dahalia mpaka mtihani na hapana ambaye angejua, na uhuru huo ulinitia hofu zaidi kuliko kengele yoyote.

Mwisho wa mwaka wangu wa kwanza nilirudi nyumbani likizo. Binti ami alikuwa anamalizia mwaka wake wa tatu, na amepangiwa mafunzo ya vitendo katika hospitali moja kusini mwa kisiwa chetu. Siku moja mama yake alinituma nimpelekee chakula. Nilimkuta maabara, kavaa koti jeupe, anamsikiliza bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake. Aliniashiria kwa mkono ningoje. Alipomaliza, alimwomba ruhusa msimamizi wake, mzee mpole mwenye miwani, ili niingie nione.

"Huyu anasoma shahada ya viumbe hai," alimwambia.

"Ahaa! Basi karibu, mtaalamu," alisema yule mzee, bila ya kejeli.

Mimi nilijua habari za kichocho vizuri. Muhula ule ule nilikuwa nimeandika insha ya kurasa kumi na mbili juu ya minyoo wake, konokono wanaowabeba, na mito wanamoishi. Nilipata alama ya juu. Binti ami akaweka kioo chenye tone la mkojo chini ya darubini, akaniambia nitafute yai la mnyoo.

Nilifumba jicho moja, akaniambia nisifumbe. Nikatazama. Nikaona duara jeusi lenye ukingo unaong'aa.

"Nimeliona."

Akainama, akatazama. "Hilo povu la hewa."

Nikasogeza kioo. Kitu kirefu, chembamba, kikapita.

"Hili je?"

"Uzi wa pamba." Hakucheka, ingawa nilijua anajizuia. "Rudi polepole. Tafuta lenye umbo la yai kweli, na mwiba upande mmoja."

Mwiba ule niliwahi kuuchora kwa kalamu ya rangi. Lakini dakika kumi zilipita nami nikimwonesha povu na nyuzi. Yeye alisogeza kioo kidogo kwa ncha ya kidole, akaacha. Lilikuwepo, katikati kabisa, na mwiba wake.

Tukiwa tunakula chakula barazani, aliniuliza, "Nikuulize kitu? Sisi tunaambiwa mkojo wa kichocho uchukuliwe baina ya saa nne na saa nane mchana. Nimeandika hivyo katika mitihani yote. Kwa nini mchana?"

"Kwa sababu mayai hutoka mengi zaidi saa hizo."

"Hilo sikuambiwa. Kwa nini hutoka saa hizo?"

Nikaweka kijiko chini. Nikamweleza kwamba yai likiingia kwenye maji ya mto, joto na mwanga wa jua hulisaidia kuanguliwa. Na mchana ndio saa watu wanapokwenda mtoni kuoga na kufua. Mnyoo anayetoa mayai wakati huo, vizazi vyake vina bahati zaidi ya kufika majini.

"Kwa hiyo mnyoo anajua saa?"

"Ndivyo baadhi ya wataalamu wanavyodhani. Wengine wanasema ni kwa sababu mtu anatembea na kufanya kazi mchana. Hapana mwenye hakika."

Akanitazama kama aliyenifuma ninaiba. "Yaani nyinyi mnasomeshwa hata wasiyoyajua wataalamu wenyewe?"

"Nusu ya masomo yetu ndiyo hayo."

"Na hulipiwa pesa zote zile!"

Tukacheka, kisha akasema taratibu, "Miaka mitatu naandika hivyo, na hapa nawaambia watu waje mchana. Nilidhani ni kwa sababu maabara ndiyo iko wazi."

"Hukuuliza?"

"Nimuulize nani? Kuna foleni."

Alasiri ile nilibaki maabara mpaka nikapata mayai matatu peke yangu. Yule mzee mwenye miwani alikuja kuyathibitisha moja moja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda nisivyotarajia. Yeye alimaliza, na kabla ya mwaka kutimia akaajiriwa katika kituo cha afya cha kisiwa cha Kojani, akawa anavuka kwa mashua. Mshahara wake wa kwanza alimnunulia ami baiskeli. Mimi nilimaliza shahada yangu na kukaa nyumbani miaka miwili. Majirani waliniita msomi, wakaniletea barua za kuwasomea. Kila nilikoomba kazi niliulizwa nimefanya nini, nami nilikuwa na orodha ya nilivyovisoma. Mwisho nilikwenda mwaka mmoja kusomea ualimu, na pale nikakutana na msimamizi anayekaa nyuma ya darasa na karatasi yake, akiandika kwamba maandishi yangu ubaoni hayasomeki. Leo nafundisha biolojia sekondari. Makato ya mkopo yalianza mwezi wa kwanza wa mshahara, na ndipo nilipousoma ukurasa wa nyuma wa ile fomu.

Mwaka jana binti ami aliomba ruhusa kazini, akaingia chuo kikuu kwa ile stashahada yake. Insha yake ya kwanza alinitumia kwa simu niisome. Swali lilisema "Jadili", naye alijibu kwa hatua saba zenye namba, kila hatua mstari mmoja, zote sahihi. Alipewa alama ya chini, akanipigia amekasirika.

"Nimekosea wapi?"

"Hukukosea."

"Sasa?"

Tulizungumza saa nzima juu ya neno lile "Jadili", kwamba linataka sababu na hoja zinazopingana, si hatua. Insha ya pili alipasi. Ya tatu iliizidi ile yangu ya kichocho, nami nilimwambia hivyo. Nilipomuuliza kama akimaliza atarudi maabara, alisema bado hajui, kwani kuna mambo mawili matatu ameanza kuyatafuta, na vitabu vyenyewe havikubaliani.

Nikamwambia anitumie majina ya vitabu hivyo.