Zamu ya Mume Wangu

Kabla ya vita, mume wangu alikuwa injinia wa reli mjini Kindu, nami nilikuwa daktari katika hospitali ya mji. Tulianza kuzoeana siku fundi wake mmoja alipobanwa mkono kati ya mabehewa. Alimleta mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza kushona. Watu walimwita Enjeniere hata sokoni. Mama yangu, aliyemfahamu tangu akisoma chuo cha Kurani mtaani kwetu, naye alimwita hivyo hivyo.

Vita vilipokuja, treni ziliacha kufika kutoka kusini. Mume wangu aliendelea kwenda karakana ya reli kila asubuhi, akapaka mashine mafuta zisishike kutu. Mji ulizingirwa. Wanawake waliogopa kwenda mashambani kuchuma sombe, majani ya muhogo, na mchele wa Kibombo ukakoma kuingia. Kisha wenye bunduki wakaanza kutafuta watu wa kuwatengenezea treni. Mafundi wawili wa karakana walichukuliwa na hawakurudi. Tukaondoka kwa baiskeli, mtoto wetu wa kwanza amefungwa juu ya mzigo, tukafuata njia ya reli hadi Kibombo, halafu tukashika mashariki mpaka ziwani. Baada ya mabasi mengi na mipaka mingi tulifika Durban, Afrika Kusini.

Huko tulikuwa wakimbizi wawili wasiojua Kiingereza. Mimi, ili niruhusiwe kutibu, ilinipasa kufaulu mtihani wa nchi ile. Yeye, ili aandikishwe kuwa injinia, alitakiwa kwanza awe amefanya kazi katika kampuni ya huko, na kampuni hazikumchukua mtu asiyeandikishwa. Alilifikiria jambo hilo siku kadhaa, kisha akasema tusigawanye nguvu. Madaktari wanatafutwa kila mahali. Nitangulie mimi, zamu yake ije baadaye. Nilikubali upesi mno.

Akapata kazi ya kulinda magari nje ya duka kubwa, kama Wakongo wengi wa mji ule. Jioni alirudi na maneno ya Kiingereza aliyoyasikia kwa wateja, akanitamkia jinsi wenyeji wanavyoyatamka, huku akipika ili mimi nisome. Mara ya kwanza nilishindwa. Mara ya pili nilifaulu, nikapewa kazi hospitalini. Wagonjwa walinipenda. Nilijifunza Kizulu cha kuuliza wapi panauma. Wakubwa wangu walisema nimeingia katika nchi yao kama mzaliwa, na mimi niliyapokea maneno hayo kwa furaha bila kuuliza nimeingia nikipanda mabega ya nani.

Zamu yake haikufika. Kwanza alikuja mtoto wa pili. Halafu mimi nikataka kusomea upasuaji. Kila mara aliandika tena kwa kampuni, akajibiwa vilevile, na mimi nikamwambia avumilie kidogo. Neno lile nililisema kwa miaka.

Siku moja mchana, daktari mwenzangu alinichukua kwa gari lake tukanunue vitu vya sherehe ya wodi. Sikufikiri angekwenda duka lile. Mume wangu alitokea amevaa kizibao chake cha kung'aa, akanyoosha mkono kutuongoza mpaka gari likakaa sawa. Aliniona. Nilifungua mlango nikitaka kusema huyu ni mume wangu, lakini yeye alikwishatazama upande mwingine. Mwenzangu alimpa sarafu. Akatushukuru sote wawili kwa Kiingereza, akaniita madamu, akaenda kwenye gari jingine. Mwenzangu akasema Wakongo wana adabu sana. Nikasema ndiyo.

Nyumbani nilimwuliza kwa nini alinifanyia vile. Alikuwa akimvua mtoto viatu.

"Ungesema nini?" akaniuliza. "Kwamba ule mulinzi njo bwana yako? Kesho wangekutazama na macho mengine. Mimi nimeshazoea. Wewe bado."

Akaviweka viatu mlangoni, akaenda kupika.

Mwaka huu tuliwaacha watoto kwa majirani, tukarudi Kindu kumwona mama yake, ambaye sasa hatoki kitandani. Siku ya pili mkubwa wa karakana, aliyejifunza kazi chini yake zamani, alikuja kutuchukua. Alitangulia akiwaambia watu Enjeniere amerudi. Karakana ina mashine chache zinazotembea. Walimwonyesha kichwa cha treni kilichosimama tangu masika, wakamsubiri aseme. Mume wangu alitia mikono mifukoni.

"Hii mimi nimeisahau," akasema. "Musiniulize."

Nimewaambia watu wengi habari za kifo, lakini sikumbuki kuona nyuso zikianguka kama zile. Nilitazama chini.

Asubuhi iliyofuata alitoka peke yake. Alirudi alasiri, grisi hadi viwikoni, akaomba sabuni. Akaenda tena kesho yake, na siku zilizofuata. Injini haikuwaka, kulikosekana kipuri, lakini shule ya ufundi ilisikia kwamba yuko, ikamwomba afundishe.

Siku ya kufunga mizigo nilikuta nguo zake bado zimetundikwa.

"Wewe rudi ku kazi yako," akasema taratibu. "Mimi nitabakia kwanza. Hapa watu wananiita na kazi yangu."

Nilimwambia nami naweza kubaki, hospitali ya hapa ina uhaba wa madaktari. Alijibu kwamba watoto bado wanasoma kule, na kwamba nisibaki kwa ajili ya kulipa deni la zamu yake. Alijua. Nikapanda ndege peke yangu.

Sasa ninampigia simu saa za mapumziko yangu, na mara nyingi namkuta darasani. Huniambia ningoje, lakini hakati simu. Ninakaa kwenye ngazi za hospitali nikimsikiliza akimsahihisha kijana, akimwambia arudie kupima, asikadirie. Sauti yake ni kubwa kuliko niliyoizoea nyumbani kwetu Durban. Wakati mwingine mapumziko huisha kabla hajarudi kwangu, nami hukata simu na kwenda kunawa mikono.