Sakafu ya Torrescura

Mama mkwe wangu Assunta anaijua Italia ya kusini yote, lakini anaijua kwa upande wa maegesho ya magari. Muulize habari za magofu ya Pompeii, atakwambia kuna msonobari mmoja karibu na geti ambao kivuli chake kinatosha meza ya watu wanane mpaka saa tisa. Muulize mahekalu ya Paestum, atakwambia bomba la maji liko nyuma ya choo na kwamba paka wa pale ni wezi. Kila Agosti familia yetu hutoka Bari kwenda kutazama mambo ya kale, na kila Agosti yeye hubaki na chakula.

Msidhani chakula chenyewe ni mkate wa kutia mfukoni. Mimi natoka Torino, kaskazini, ambako mtu akienda matembezi hubeba mkate na tufaha akaridhika. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu na Vito, nilipoona buti la gari linavyopakiwa, nilidhani tunahama. Sinia la makaroni ya kuoka, mabilingani yaliyopangwa kwa jibini, nyama ya kukunja, tikiti maji zima, meza, viti, na kitambaa cha meza kilichopigwa pasi. Kwa Assunta, kula mkahawani siku ya sikukuu ni kuutangazia ulimwengu kwamba nyumba yako haina mwenyewe. Na chakula cha namna hiyo hakiachwi garini, maana gari la Agosti ni tanuri, wala hakiachwi kivulini peke yake na wale paka. Lazima mtu akae nacho.

Nasema bila haya kwamba sijaona mwanamke kama yeye. Huamka watu wamelala, na makaroni yake ukiyakata husimama wima kama matofali. Akikupakulia huondoki na njaa, na mara nyingi huondoki na huzuni uliyokuja nayo. Sikumsikia hata siku moja akilalamika kwamba anaachwa nje. Sisi tukaona raha kuamini kwamba mambo ya kale hayampendezi.

Isipokuwa sakafu ya Torrescura. Hiyo aliitaka, na sote tulijua. Torrescura ni mji mdogo juu ya kilima, na kanisa lake lina sakafu ya vijiwe vya rangi, picha moja kubwa ya watu na wanyama kutoka mlangoni hadi altareni. Baba mkwe wangu, Cosimo, alimpeleka huko wakati wa fungate yao. Gari walilokuwa nalo dirisha lake lilikuwa bovu na masanduku yalikuwa ndani, kwa hiyo Cosimo akasema ataingia yeye kwanza, kisha wabadilishane. Aliporudi, kanisa lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana, na kwetu kanisa likifungwa kwa chakula cha mchana hata Papa angengoja nje. Wao walikuwa na safari, hawakuweza kungoja. Tangu hapo Cosimo ndiye aliyemsimulia mkewe ile sakafu, na kila mwaka aliongeza mnyama mmoja.

Mwaka huu daktari alimwambia Assunta kwamba magoti yake yote mawili yatapasuliwa majira ya vuli, na kwamba baada ya hapo asitegemee sana kupanda ngazi. Jioni ile, huku akikuna jibini, akatamka kwamba tarehe kumi na tano Agosti tutakwenda Torrescura. Hiyo ndiyo sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, ambayo pia ni siku ya somo wake, maana Assunta ni jina la sikukuu hiyo, na ndiyo siku ambayo nchi nzima hukaa mezani. Hakuna aliyebisha.

Tulichelewa kufika, kwa sababu makaroni hayakuwa yameshika rangi, naye hakubali kusafiri na makaroni meupe. Vito akaegesha gari chini ya kilima. Nikamwambia mama mkwe atangulie kupanda, mimi nitabaki na chakula.

"Wewe?" akasema. "Binti yangu, nakupenda, lakini wewe ulimtilia mwanangu siagi kwenye sosi."

"Mama, hayo ni ya mwaka wa kwanza."

"Nami bado niko hai, nayakumbuka. Pandeni upesi, Vito arudi anipokee."

Tukapanda. Nilipoingia kanisani na kuiona ile sakafu, nilisahau kwamba Mama anangoja chini. Vito akawa anawapiga picha watoto wetu wawili, na Cosimo akakutana na mzee mmoja waliyefanya naye kazi relini, wakaanza kuwataja waliokufa. Nilipogutuka, sakristani, mtunza kanisa, alikuwa anatikisa funguo na kutuswaga nje. Pale mlangoni nilimgeukia baba mkwe nikiwa nimekasirika kweli.

"Baba, umemfanyia tena."

Cosimo alivua kofia. Hapo ndipo tulipomwona Assunta kwenye ngazi. Alikuwa anapanda, amelikumbatia sinia lililofungwa mataulo, daraja moja kisha anapumzika, daraja jingine kisha anapumzika. Vito akakimbia kumpokea sinia, Assunta akakataa. Alisema tu kwamba amechoka kungoja.

Sakristani, mtu mwembamba aitwaye Pantaleo, alimwambia kwa upole kwamba wameshafunga mpaka saa kumi. Assunta aliutazama mlango. Kisha akautazama mfuko uliokuwa mkononi mwa yule mtu, akamuuliza atakula nini. Akajibu kwamba mkewe yuko pwani kwa dada yake, basi yeye ana mkate na samaki wa kopo.

"Samaki wa kopo?" Assunta akasema. "Leo?"

Akaketi pale ngazini akafungua mataulo, ndani yake mna kisu na mwiko. Mkono mtupu haulambwi, utasema, na utadhani alikuwa anamhonga. Humjui. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa habari za msiba. Alimkatia kipande kikubwa cha pembeni, kile kilichokauka vizuri, ambacho Vito hukipigania tangu utoto, akakiweka juu ya kifuniko cha sinia akampa. Alipoona anakula, alilifunga sinia, akashika mkono wa mwanawe, akaanza kushuka. Hakuomba kitu.

"Mama," Pantaleo akaita, mdomo umejaa. Akaufungua mlango kwa mkono mmoja. "Ingia. Lakini wewe peke yako, na usiniharakishe."

Safari hii alimwachia Vito sinia, akaingia. Sisi tukakaa ngazini. Watoto walikuwa na njaa, na hakuna aliyethubutu kugusa taulo. Cosimo akaanza kutueleza anachokiona mkewe saa hiyo, sasa yuko kwenye safina, sasa yuko kwa nyangumi, mpaka akajisikia mwenyewe, akanyamaza.

Alitoka macho yakiwa mekundu. Cosimo akamuuliza kama amemwona nyangumi.

"Hakuna nyangumi, Cosimo. Kuna mwanamke anakamua mbuzi, na mbuzi amegeuza kichwa anamtazama. Aliyetengeneza picha ile alikuwa anampenda yule mbuzi."

Akakaa kati yetu. Nilitazamia aseme kwamba sasa ameridhika, na nadhani sote tulikuwa tunaingojea hiyo ridhaa ili tule kwa amani.

"Nimekasirika," akasema taratibu. "Hii nilijua ni nzuri. Sehemu zile nyingine zote nilijiambia ni vifusi, ndiyo maana niliweza kukaa nje." Akatutazama mmoja mmoja. "Pompeii nako kuna vitu kama hivi?"

Vito akainamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana Pompeii nilikwenda mara mbili na mara zote mbili nilimkuta ameshatandika meza.

"Viko vingi," Cosimo akajibu.

"Na Paestum?"

"Paestum ni zaidi, Assunta."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea salamu. Kisha akachukua kisu na mwiko, akamwekea mumewe mikononi, mikono ambayo tangu aoe haijawahi kupakua hata supu.

"Basi gawa wewe," akasema, akanyoosha magoti yake juani.

Cosimo alikata vibaya. Makaroni yalibomoka, sosi ikamwagikia kofia yake, na hakuna aliyemsaidia wala kumcheka. Kipande cha kwanza alimpa mkewe.