Jumapili Tatu za Kumtazama Mama Furaha

Nikiwaambia kwamba niliwahi kumshika mkono mjane wa watu nikamwita mpenzi wangu, mbele ya mke wangu na mbele ya mchungaji, mtasema huyu mzee alikuwa amelewa, na mimi pombe hata siigusi, ndiyo maana aibu ilinikaa vizuri, sikuwa na cha kusingizia. Haya, chekeni. Mimi mwenyewe sasa nacheka, ila mwezi ule sikucheka.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kazi huku ugenini, mtaa wa Jeppestown, na Wakongomani wenzangu wananiita Papa Riziki. Mwaka jana macho yakaanza mchezo. Ukisimama mbele yangu naona gauni lako, naona viatu vyako, naona hata mtu anayepita nyuma yako, lakini pale penye uso pana doa, kama mtu amepaka mafuta kwenye kioo. Miwani haikusaidia kitu. Hospitali wakaniambia huu ni uoni hafifu, yaani si kipofu na si mwenye macho, uko katikati hapo kama mtu anayesubiri makaratasi ya ukimbizi, wakanipeleka kwa mtaalamu wa tiba kazi, binti mmoja wa Kikenya anaitwa Makena. Kazi yake si kutibu jicho, kazi yake ni kukufundisha kuishi na kufanya kazi kwa jicho ulilobaki nalo.

Na alinifundisha kweli. Taa yenye shingo ndefu niiinamishe juu ya sindano, kitambaa cheusi nikitandike mezani ninapokata nguo nyeupe, vigurudumu vya uzi nivifunge mipira ya kubania, mmoja kwa nyeusi na miwili kwa bluu, nivijue kwa vidole. Akanipa na kiwaya chembamba cha kutungia uzi. Lakini kubwa lao lilikuwa hili la kutazama pembeni.

“Baba Riziki, usinitazame mimi,” akasema. “Tazama hiyo kalenda iko upande wako wa kulia, uniangalie kwa ukingo wa jicho. Uso wangu unauona?”

Nikauona. Ana mwanya. Nilikaribia kulia, maana tangu Krismasi sikuwa nimeona uso wa mtu ukiwa kamili.

“Sasa uwaambie watu,” akaendelea, “hasa mama nyumbani. Wasipojua watakuelewa vibaya.”

Nikamjibu sharp, yaani sawa, binti yangu, na moyoni nikasema thubutu. Fundi haoni, nani atamletea kitambaa? Hata mke wangu sikumwambia, kila siku ya kliniki nilimuaga kwamba naenda mjini kununua nyuzi (kwa nyuzi nilizodai kununua ningeweza kuuvalisha mtaa mzima wa Diepsloot). Hapo ndipo nilipoharibu, pale pale, mengine yote yalikuja yenyewe.

Jumapili ya kwanza naingia kanisani na ujuzi wangu mpya. Kanisa letu ni ghala la zamani, wanaume tunakaa upande huu, wamama upande ule, kwaya inakaa kulia kwa mimbari. Mchungaji akaanza kuhubiri, nami nikageuza macho kulia kidogo kama nilivyofundishwa, na uso wake ukatokea, Mungu wangu, kumbe amefuga ndevu, na zimeota mvi. Nilifurahi nikatabasamu. Nikatingisha kichwa, amina, amina. Ibada nzima sikubandua macho, na nilichokuwa sijui ni kwamba pale macho yangu yalipoelekea, kiti cha mbele cha kwaya, ameketi Mama Furaha, mjane anayesuka nywele mtaa wa Berea. Mimi simwoni, yuko ndani ya doa. Yeye ananiona vizuri sana.

Jumapili ya pili hivyo hivyo, natabasamu, natingisha kichwa. Nikamsikia mke wangu akikohoa kule kwa wamama (mke wangu hana kifua, mimi ningejua). Jumapili ya tatu mchungaji akapaza sauti, “Nani yuko tayari leo kuanza maisha mapya? Ainue mkono.” Na mimi, jicho limekaza palepale, meno yote nje, nikainua mkono juu kabisa.

Ibada ilipoisha niliitwa chumba cha nyuma. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, chumba kina kidirisha kimoja cha juu, na ndani yumo mchungaji, mwenyekiti wa wamama, mke wangu na Mama Furaha. Mwenyekiti akasema, “Papa Riziki, kanisa zima limeona. Tueleze wewe na huyu mama mna nini.”

Mtu mwenye akili angesema macho yangu ni mabovu, basi, tukanywe chai. Mimi nikasema nilikuwa natazama rangi ya ukuta.

“Jumapili tatu?” akauliza mchungaji.

“Ni rangi nzuri,” nikasema.

Mke wangu akaanza kulia. Hapo nikachanganyikiwa, nikaona maneno hayatoshi, niende nimshike mkono. Lakini wamama wote watatu wamevaa sare ya kitenge kimoja, bluu na njano, niliyoishona kwa mikono yangu, na mke wangu na Mama Furaha wana mwili mmoja (bega inchi kumi na tano na nusu wote wawili, nimewapima mimi), na kwa haraka nikasahau kutazama pembeni. Nikamwendea mama wa kwanza niliyemfikia, nikamshika mkono kwa mikono yote miwili, nikasema, “Mpenzi wangu, tangu siku ile tulipooana Bukavu moyo wangu una mwingine zaidi yako?”

Kisha nikasikia sauti ya mke wangu ikitoka nyuma yangu.

“Mimi niko huku.”

Na ile iliyo mbele yangu ikasema taratibu, “Papa, niachie mkono.”

Basi nikakiri. Nikasema yote, doa, kliniki, kalenda, na hakuna aliyeamini. Mwenyekiti akasema, “Juzi umetunga uzi kwenye sindano mbele yangu. Asiyeona anatungaje uzi?” Nikatoa kile kiwaya mfukoni, akasema hata yeye anacho. Nikabaki na dawa moja, nikampigia Makena simu nikaweka sauti juu.

“Baba Riziki, hukuwaambia?”

“Sikuwaambia.”

“Eish. Mama yuko hapo? Mama, simama mbele yake, usiseme kitu. Baba, tazama kulia kwake, halafu useme unaona nini.”

Mke wangu akaja akasimama chini ya kile kidirisha. Nikageuza macho kuelekea mlangoni, na uso wake ukaja, taratibu, paji, pua, ile alama ya kovu kwenye nyusi. Amekonda. Macho yamevimba, na si kwa machozi ya dakika ile tu.

“Umelia siku nyingi,” nikasema.

Akauliza, “Na zile nyuzi?”

“Hakuna nyuzi.”

“Nilijua ni mwanamke. Nimekuwa nikinusa mashati yako.” Akajifuta uso. “Macho yako ungeniambia mimi wa kwanza.” Maneno hayo yaliniuma kuliko kesi yote, na yananiuma mpaka leo.

Mama Furaha alikuwa bado anapiga hesabu zake. “Kwa hiyo Jumapili zote tatu hukuwa unaniona?”

“Hata mara moja, mama.”

“Na mimi nimesuka upya kila wiki,” akasema, akachukua mkoba wake akatoka.

Siku hizi taa yangu iko juu ya meza na kila mteja nampa habari za macho yangu kabla sijaitoa futi yangu ya kupimia shingoni. Wawili wamehama, sitawadanganya, waliobaki wananisomea vipimo wenyewe. Kuficha tena, sithubutu. Mke wangu amejiunga na kwaya, hajui kuimba hata kidogo, ila kile kiti cha mbele amekidai na amepewa. Na nyumbani tukikaa kula, ili nimwone yeye inabidi nitazame friji, na kila nikiitazama friji, mke wangu ananyoosha kilemba chake.