Tofali la Bibi Fagio

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, na mkasi wake ulikuwa ukinolewa kila Jumatatu. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ukimpelekea suruali aipunguze pindo, alikupunguza na wewe mwenyewe. "Mguu mfupi hivi, majivuno marefu hivi, unayaburuta kwenda wapi?" Watu walicheka, wakalipa, wakarudi. Mshono wake haukuwahi kufumuka.

Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali alipokuwa akikaa marehemu mama yake. Mama huyo alilifagia kanisa lile la mabati tangu Mama Pindo akiwa wa kubebwa mgongoni. Alifika kabla ya watu wote na kuondoka baada ya watu wote, kwa hiyo, kwa macho ya waumini, hakuwahi kuwepo. Walimwita Bibi Fagio, basi. Siku ya mazishi, jeneza likiwa limeshawekwa mbele, wifi yake Mama Pindo, yaani dada wa mumewe, ambaye ndiye katibu wa kanisa, alimvuta pembeni akamnong'oneza.

"Samahani wifi. Hivi Bibi Fagio jina lake hasa nani? Mchungaji anataka kulitaja."

Mama Pindo alimwambia. Mchungaji akalitaja. Akalikosea.

Tangu siku hiyo Mama Pindo alikuwa na mfupa kooni, na mfupa huo haukumezeka wala kutemeka: jina la mama yake lisomwe, lisomwe sawasawa, lisomwe na watu walewale.

Ndipo Mchungaji alipokuja na habari za jengo jipya. "Kanisa si mabati haya!" alinguruma madhabahuni huku mabati yenyewe yakimwitikia kwa mvua. "Kanisa ni sisi! Mungu ndiye mwashi, sisi ndio tunaopangwa, huyu juu ya huyu, tuwe nyumba moja ya kiroho!" Mpaka hapo ilikuwa mahubiri. Halafu akaongeza la kwake: "Na kila familia italeta tofali lenye jina lake!"

Vigelegele vikapigwa hadi mbwa wa mtaani wakajibu. Waumini hao hao wakiambiwa wasameheane, hukohoa.

Mama Pindo alikwenda mwenyewe kwa mfyatua matofali, akamsimamia mpaka herufi zote zikakandamizwa ubavuni mwa udongo mbichi: jina la ubatizo la mama yake, na la baba yake juu. Tofali lilipotoka kwenye tanuri alilibeba kwa kanga kama mtoto mchanga.

"Safari hii," alimwambia mumewe, "watalisoma wakiingia na watalisoma wakitoka."

Fundi mwashi waliyempata alikuwa bwana mnene mwenye kicheko kikubwa. Kazi aliijua, ila alijua zaidi sufuria inakotokea. Siku ya kuanza kuta aliwakusanya wote kwenye msingi.

"Jamani, ukuta huu ni wa safu mbili, ya nje na ya ndani. Sasa, kila hatua kidogo lazima tofali moja lilazwe kwa kukingama, lizishike safu zote mbili, la sivyo hazishikani. Hilo ubavu wake unaingia ndani. Jina halitaonekana. Nani anatoa la kwake?"

Ungeweza kumsikia nzi akitubu.

"La mwenyekiti wa kwaya naona ni imara," mtu akasema.

"Lina ufa!" mwenyekiti akadakia. "Litawaangusheni bure."

"Langu linakaa kulia kwa mlango, usawa wa macho," alisema katibu. "Nilishaongea na Mchungaji."

"Usawa wa macho ya nani, wifi?" Mama Pindo aliuliza. "Wewe na urefu wako huo, wenzio tutakusoma kwa ngazi."

"Basi likingamishwe la Bibi Fagio," katibu akadakia. "Marehemu ana haja gani ya kuonekana?"

Mama Pindo alimgeukia fundi, taratibu, kama mtu anayepima kiuno. "Fundi, ukilifunika jina la mama yangu, nitakushonea suruali isiyo na pa kutokea miguu."

Fundi akamtazama Mchungaji. Mchungaji akakohoa kile kikohozi cha kichungaji kinachomaanisha msinisumbue. "Hakuna namna nyingine, fundi?"

"Namna ipo, Mchungaji. Ila si nzuri."

"Fanya hiyo hiyo. Mungu ataijazia."

Basi zikajengwa safu mbili, kila moja kivyake, zimepeana migongo kama mke na mume waliogombana, na katikati pakamwagwa kifusi. Hakuna jina lililofunikwa. Ulikuwa ukuta mzuri ajabu, ukuta wote uso, bila hata mfupa mmoja. Watu walipanga foleni kupiga picha, kila mmoja na tofali lake, na hakuna aliyeuliza jirani yake anaitwa nani. Tofali la Bibi Fagio lilikaa kushoto kwa mlango, na kila Jumapili Mama Pindo alilipangusa kwa kitambaa.

Mvua kubwa zilikuja kabla ya paa. Asubuhi moja Mama Pindo alikwenda na kitambaa chake, akakuta tofali la mama yake limemsogelea, kana kwamba lina neno la kumwambia. Ukuta ulikuwa umeota tumbo. Akachungulia kwenye ukingo uliokuwa bado haujamalizika: safu ya nje ilikuwa imeachana na ya ndani, na kifusi kimelowa katikati kama uji. Akaingiza mkono, ukazama mpaka kiwiko.

Alisimama pale na kitambaa chake. Kitu hicho alikifahamu. Lilikuwa koti ambalo bitana yake haikushonwa. Mteja angemletea koti la namna ile, angemcheka mpaka jioni. Na la ukuta huu, aliyemtisha fundi hadharani alikuwa nani?

Mkutano uliitishwa palepale, mbele ya lile tumbo.

"Hii ni kazi ya shetani," katibu alitangaza.

"Shetani hakuleta tofali hapa, mama," fundi akasema. "Haya yote yana majina." Akapangusa jasho. "Tunabomoa, tunaanza upya. Na narudia swali langu. Nani anatoa la kwake?"

Mwenyekiti akatazama viatu. Katibu akakumbuka kwamba ana sufuria jikoni. Mchungaji akafumba macho, kuomba au kujificha, anajua yeye na Mola wake.

Mama Pindo alikuwa ameshalitoa tofali ukutani kwa mikono yake; lilitoka bila kuvutwa. Alipitisha kidole gumba juu ya herufi, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

"Likingamishe hili," alisema.

"Wifi!" katibu akashtuka, na safari hii alishtuka kwelikweli. "Si jina la mama halitaonekana tena?"

"Alipokuwa hai mlimwona? Basi. Amezoea."

Hakuna aliyecheka. Fundi akalipokea kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo hakuwa ameionyesha hata kwa chakula, na ukuta ulipoanzwa upya akalilaza kwenye udongo, palepale kushoto kwa mlango, likazishika safu zote mbili. Mama Pindo alitazama mpaka herufi ya mwisho ikafunikwa. Kisha akapenga kamasi kwa kitambaa chake cha kupangusia na kwenda zake kwenye cherehani.

Jumapili Mchungaji akamhubiri. Aliwasifu waliokubali kufichwa ili wengine wasimame, akalitaja jina la Bibi Fagio, na hakulikosea. Alikuwa ameliandika kiganjani.

Lo! Jumatatu fundi alikuta msururu. Kila mtu anataka kufichwa. Tofali la mwenyekiti ufa wake ulikuwa umepona kimuujiza. "Langu nalo lifichwe," alisema katibu, "ila lifichwe karibu na mlango."

"Mkifichwa wote," fundi aliuliza, "nje nitajenga na nyuso za nani?"

Kanisa lilikwisha, likaezekwa, likasimama. Mpaka leo katibu huwatembeza wageni. "Humu ndani limo la kwangu," huwaambia akigonga ukuta, "nimejificha kwa ajili ya Bwana." Siku moja mgeni mmoja, mwanamke mzima mwenye adabu zake, alimgeukia Mama Pindo kwenye benchi la nyuma.

"Na la kwenu, dada, liko wapi?"

Mama Pindo akanyoosha kidole kushoto kwa mlango, penye plasta tupu.

"Sukuma hapo."

Mgeni akaweka kiganja, akasukuma. Akasukuma tena, kwa bega.

"Mbona hapatikisiki?"

"Basi ni hapo hapo."