Ng'ombe wa Pakiti na Ndama Wake

Enzi zetu sinema ilikuwa na harufu. Ilinuka magunia ya mahindi, petroli ya jenereta na chai ya maziwa iliyoshika sufuria. Nikiwaeleza watoto wa siku hizi wananiangalia kwa huruma, kwa maana sinema yao inakaa kwenye simu, na simu hainuki chochote ila mafuta ya chipsi ya vidole vyao wenyewe.

Tulikuwa tunakaa Kimumu, pembeni mwa mji wa Eldoret, wakati huo shamba la mahindi likianzia pale choo kilipoishia. Baba alikuwa ametoka Murang'a na kufungua duka la rejareja, na jirani yetu alikuwa Mzee Hassan, mwenye malori ya kupeleka mahindi kaskazini. Ghala lake lilikuwa kubwa kuliko kanisa letu. Mahindi yakishauzwa, ghala lilibaki tupu miezi mingi, na katika safari moja Mzee Hassan akarudi na televisheni, mashine ya kanda za video na jenereta iliyokohoa kama mvuta kiko. Tangu hapo kila Jumamosi mchana watoto wote wa Kimumu walitoweka kutoka majumbani kwao.

Kiingilio kilikuwa ukuni mmoja. Mke wa Mzee Hassan alitupikia chai, na chai inataka moto, kwa hiyo kila mtoto alifika na ukuni wake kwapani. Aliyekuja na kijiti aliketishwa nyuma kabisa, karibu na jenereta. Mama yangu alikuwa akihesabu rundo lake la kuni Jumapili asubuhi na kutikisa kichwa. "Kuni zangu zimeona sinema nyingi kuliko mimi," alisema, na hakutuchapa, maana Jumamosi ndiyo siku pekee aliyopumzika kutokana na kelele zetu.

Watu husema Eldoret ni mji wa wakimbiaji. Ni kweli, lakini wengine hatukukimbia kwa ajili ya medali. Tulikimbia kutoka mchezo wa kati wa kurushiana mpira kwenda bladda ya kuruka kamba, kutoka bladda kwenda kuiba mahindi mabichi, na kutoka hapo tukakimbizwa na mwenye mahindi. Asubuhi za Julai tulienda shule miguu mitupu juu ya umande wa barafu, na tukimpata ng'ombe aliyelala njiani tulimwamsha ili tusimame mahali alipolala, pakitupasha moto nyayo. Mtoto wa leo akiambiwa atembee mpaka kituoni anauliza kama kuna boda.

Sasa niseme habari za Tata Njoki, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, na sisi kwa Kikuyu shangazi tunamwita Tata. Watoto wote wa mtaa walimwita hivyo, hata Yusuf, mtoto wa Mzee Hassan. Tata alikuwa amefika kidato cha pili kabla ya kuja kumsaidia baba dukani, na kwa kipimo cha Kimumu huyo alikuwa msomi. Filamu zilikuwa za Kizungu cha puani, kile ambacho hata mwalimu mkuu hakukipata vizuri, na sauti yote ilimezwa na jenereta. Kwa hiyo Tata alisimama kando ya televisheni, leso kiunoni, akatutafsiria. Alilia walipolia, akacheka walipocheka. Jenereta ilipokaribia kuishiwa petroli picha ilianza kusinyaa kutoka pembeni, naye alitangaza bila kugeuka, "Ng'ombe amekonda. Ongezeni nyasi." Yusuf akatoka mbio na mtungi.

Ng'ombe huyo wa kwenye picha ndiye aliyetuteka maisha yetu yote. Filamu yenyewe sisi tuliiita Ng'ombe wa Pakiti. Ndani yake mlikuwa na mtu halisi, mzungu mwembamba mwenye masharubu, anayeishi peke yake kwenye ghorofa. Asubuhi moja anafungua maziwa, na yule ng'ombe aliyechorwa kwenye pakiti anatoka, katuni mtupu, anaketi mezani na kuanza kuongea. Mtu wa nyama na ng'ombe wa wino, wakipanda lifti pamoja. Sijui mlipata wapi furaha yenu ya kwanza, mimi niliipatia hapo.

Tata alituambia ng'ombe anaitwa Chelel, kwamba ni mweupe mwenye mabaka mekundu, na kwamba kwao ni Ainabkoi, mashambani upande wetu. Alipelekwa mjini kwa bahati mbaya, na yule mwenye masharubu amejitolea kumrudisha kwao. Tuliwachukia wanaume wa suti waliomfukuza Chelel, kwa sababu Tata alisema ni madalali wa mifugo. Mwishoni Chelel anarudi ndani ya pakiti, na mzungu anaiweka pakiti dirishani. Ghala zima lililia. Tata akafuta macho kwa leso, akatutuliza. "Msilie. Ameenda kwao kuzaa. Atarudi na ndama."

Tulimwamini. Wakati huo maziwa ya shule yalikuwa kwenye pakiti za pembe tatu, na muhula mzima kila dirisha la Kimumu lilikuwa na pakiti tupu, mdomo wake umefunguliwa kidogo ili ndama asipate shida kutoka. Mama aliziondoa, nasi tulizirudisha. Filamu hiyo tuliiona mpaka kanda ikakatika, na kila mara Tata alimaliza kwa maneno yale yale.

Miaka ikapita. Baba na Mzee Hassan wamepumzika, ghala limekuwa nyumba za kupangisha, na sisi watoto wa magunia tuna vitambi na kundi letu la WhatsApp. Msimamizi ni Yusuf, ambaye sasa malori ni yake. Kwa kawaida kundi ni la michango ya mazishi na picha za maua za "amkeni na baraka". Halafu juzi Yusuf akaweka bango la filamu. Ng'ombe wa Pakiti anarudi, sehemu ya pili.

Siku hiyo hakuna aliyefanya kazi. Kwanza tulifurahi, kisha tukaliangalia bango vizuri, tukawaka. Walikuwa wamempaka ng'ombe wetu rangi ya zambarau. Walikuwa wamemtengeneza kwa kompyuta, unywele mmoja mmoja unauona, macho yanang'aa kama taa za gari jipya. Alikuwa amevaa viatu vya kukimbia. Mmoja akaandika kwamba labda amejiunga na kambi ya mazoezi ya wakimbiaji kule Iten. Mwingine akauliza nani aliwapa ruhusa ya kubadilisha rangi ya ng'ombe wa watu. Nami, mama mzima, nilituma ujumbe wa sauti mrefu nikisema hawa watu wa sinema hawana adabu, kitu kikiwa kitamu lazima warudi kukitia maji kama muuza maziwa mwizi, na kwamba mimi siendi kuona. Nilipata vidole gumba vingi kuliko siku niliyotangaza nimepata mjukuu.

Jioni hiyo hiyo Tata Njoki akapiga simu. Siku hizi anakaa Ainabkoi kwa mwanawe. Ni mzee, na sukari imemnyang'anya macho, haoni ila kivuli cha mtu mlangoni. Mtu wa kundi alikuwa ameshampelekea habari.

"Wambui, nasikia ng'ombe imerudi," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Imekuja na ndama?"

Tangazo la filamu hiyo mpya nilikuwa nimeliona mara nyingi nikitafuta makosa, na halikuwa na ndama. Nilimwambia nitaangalia. Akasema sawa, yeye amengoja sana, siku chache hazitamuua.

Binti yangu Shiru, anayesoma chuoni Chepkoilel, alikuwa nyumbani. Nikamwambia anitafutie ile filamu ya kwanza, nione mwisho wake tena, pengine ndama alidokezwa mahali. Akaipata kabla sijamaliza sentensi, ikiwa safi, na maneno yameandikwa chini. Nikavaa miwani, tukaketi.

Ng'ombe alikuwa wa zambarau. Tangu mwanzo. Televisheni ya Mzee Hassan ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, na mabaka yale mekundu yalitoka kinywani mwa Tata. Jina lake lilikuwa Beatrice. Ainabkoi haikutajwa, na sijui kwa nini nilitegemea itajwe. Yule mwenye masharubu hakuwa akimrudisha kwao, alikuwa akimtafutia kazi ya matangazo, na wale madalali wa mifugo walikuwa mawakili wa kampuni ya maziwa. Mwishoni Beatrice anachoka na kelele za mji, anarudi kwenye pakiti yake kulala, basi. Hakuna mimba wala ndama.

Shiru alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. "Mathe, so mmekuwa mkitetea movie haiko? Na vile ulikuwa umewakia hao wasee wa sinema!"

Nilicheka naye, kisha nikavua miwani. Nilikuwa nimeogopa kwamba wageni watakuja kuharibu filamu yangu, kumbe filamu yangu hawakuwa nayo hata siku moja. Ilikuwa na nakala moja tu duniani, na nakala hiyo ilikuwa imekaa Ainabkoi haioni, ikingoja ndama.

Nikawaandikia wenzangu ukweli wote. Kundi likanyamaza, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu liundwe. Nilifikiri nimewavunja moyo. Baadaye sauti ya Yusuf ikaingia, akicheka. "Basi sisi ndio tuko na original. Wambui, Jumamosi naleta gari. Tunaenda kumchukua Tata."

Jumamosi mchana, kama zamani, tukamchukua. Alikuwa amevaa leso mpya na kofia ya kanisani, na mkononi ameshika kikapu. Pale kwenye sinema ya jengo la maduka mjini, kijana wa kukagua tiketi alitaka kuona ndani ya kikapu. Tata akakifungua kwa fahari. Kulikuwa na ukuni mmoja, mkavu, umekatwa vizuri.

"Mama, hii ni ya nini?" kijana akauliza.

"Ni kiingilio," Tata akamjibu. "Hata hapa si mnapika chai?"

Kijana alituangalia, akamwangalia Tata, kisha akaupokea kwa mikono miwili. Mungu amweke huyo mtoto, nawasema vijana kila siku lakini huyo namtoa.

Tukaketi, Tata katikati, mimi kulia, Yusuf kushoto, Shiru pembeni akijifanya hatujui. Hakukuwa na harufu yoyote ila ya bisi. Sauti ilitoka kila upande, hata chini ya viti, na hapakuwa na jenereta ya kulaumiwa. Mwanga ukaja. Tata akanishika mkono wa sweta.

"Niambie."

Nikaanza kumnong'oneza. Nilimwambia mzungu amezeeka, masharubu yamekuwa meupe. Nilimwambia anafungua jokofu. Mdomo wa pakiti ukafunguka, ng'ombe akatoka, wa zambarau, na viatu vyake.

"Ako rangi gani?"

"Mweupe," nikasema. "Na mabaka mekundu."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akauliza lile aliloliuliza kwenye simu, lile nililokuwa nimelala nalo wiki nzima. Ako na ndama? Pale kwenye skrini ng'ombe alikuwa peke yake jikoni, akicheza dansi. Niliangalia uso wa Tata katika mwanga ule, umeinuliwa kama wa mtoto aliyekaa mbele kwa sababu ameleta ukuni mnene.

"Ako naye," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Amejificha nyuma ya mama yake, anachungulia. Anaogopa lifti. Miguu inamtetemeka."

Mtoto wa safu ya mbele akageuka kunitazama, kisha akageukia skrini kumtafuta ndama. Mabega ya Tata yakaanza kutikisika, akicheka polepole.

"Hiyo umetoa kwa kichwa yako."

"Nilifundishwa, Tata."

Akanifinya mkono. "Endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho. Yusuf naye aliingilia upande wa pili na kuleta madalali. Kufikia katikati watoto wa safu ya mbele walikuwa wamepiga magoti vitini mwao, wakitusikiliza sisi, na mama zao wamechoka kuwageuza. Sijafurahi hivyo tangu kanda ikatike. Filamu yenyewe sijui ilikuwa nzuri au mbaya. Sikuiona vizuri, nilikuwa na kazi.

Watoto wetu wana kila kitu. Wana rangi, wana kila unywele, wana maneno chini ya picha, na wakikosa kuelewa wanarudisha nyuma. Sisi tulikuwa na picha ya kijivu inayosinyaa, na mtu mmoja aliyesimama kando yake akatujazia palipopungua. Nikifikiria hivyo nawaonea huruma kidogo. Kisha nakumbuka umande wa Julai na miguu ile mitupu, najionea huruma pia, mambo yanakuwa sawa.

Jumapili asubuhi niliingia jikoni kuchemsha chai kabla ya kanisa. Shiru alikuwa ameamka mapema na kurudi chuoni. Dirishani kulikuwa na pakiti ya maziwa, tupu, imeoshwa. Pakiti za siku hizi ni laini, hazisimami kama zile zetu za pembe tatu, kwa hiyo alikuwa ameiegemeza kwenye kikombe, na kuufungua mdomo wake kidogo.